Je, Wajua? Namba za Kirumi: Herufi Saba Zenye Kazi Hadi Leo

Katika kukokotoa, namba za Kirumi zilishindwa zamani na tarakimu 1, 2, 3. Hata hivyo hazikuondoka. Ziko kwenye matokeo ya mitihani, kwenye saa za ukutani, kwenye majina ya mapapa na wafalme, na kwenye mafaili ya hospitali. Zilinyang'anywa kazi ya hesabu, zikabaki na kazi ya kupanga: kuonyesha nani wa kwanza, nani wa pili, na kipi kinafuata kipi. Kazi hiyo bado zinaifanya vizuri, na ndiyo maana inafaa kila msomaji azijue barabara. Twende kazi.

I. Herufi ni saba tu: I ni 1, V ni 5, X ni 10, L ni 50, C ni 100, D ni 500 na M ni 1000. Kubwa ikitangulia, jumlisha: LXVI ni 66. Ndogo ikitangulia kubwa, toa: XL ni 40.

II. Kutoa kuna mipaka. I hutolewa kwenye V na X tu, X kwenye L na C tu, C kwenye D na M tu. Kwa hiyo 99 ni XCIX, si IC, na 1999 ni MCMXCIX, si MIM. V, L na D hazitolewi wala hazirudiwi. Ukikutana na namba ndefu, ivunje kwa maelfu, mamia, makumi na mamoja. MCMXCIX inakuwa M (1000), CM (900), XC (90), IX (9). Hapo haina ugumu tena.

III. Warumi wenyewe hawakuibana sana kanuni hiyo. Colosseum, uwanja mkubwa wa michezo mjini Roma uliofunguliwa mwaka 80, ulikuwa na matao 80 ya kuingilia, na 76 kati yake yalichongwa namba ili watazamaji wajue pa kupita. Baadhi ya namba hizo zinasomeka hadi leo. Lango la 29 limeandikwa XXVIIII. Lango la 44 limeandikwa XLIIII: arobaini kwa kutoa, nne kwa kujumlisha, vyote kwenye namba moja.

IV. Mwaka 9, majeshi matatu ya Kirumi yaliangamizwa katika msitu wa Teutoburg, Ujerumani ya leo. Yalikuwa legioni za XVII, XVIII na XIX, na Roma haikuzipa legioni nyingine namba hizo tena. Jiwe la ukumbusho la Marcus Caelius, ofisa aliyefia huko, lipo kwenye jumba la makumbusho mjini Bonn. Fundi aliyelichonga aliandika 18 kwa namna ambayo mwalimu wa leo angeikosoa: XIIX, yaani ishirini kasoro mbili.

V. Ikate X katikati kwa mstari wa kulala: nusu ya juu ni V. Kumi imegawanywa, tano imepatikana. Elfu moja nayo, kwa kawaida, haikuandikwa M katika Roma ya kale. Ilikuwa alama inayofanana na duara lililokatwa na mstari wa kusimama. Chukua nusu ya kulia ya duara hilo na utaona D, ambayo ni 500. M ilikuja kuenea kama alama ya elfu baadaye sana.

VI. Kwa herufi saba peke yake, namba kubwa kuliko zote unayoweza kuandika kwa kanuni za leo ni 3999: MMMCMXCIX. Ukitaka kuvuka hapo, chora mstari juu ya herufi na thamani yake inazidishwa mara elfu. V yenye mstari juu ni 5000, na X yenye mstari ni 10,000.

VII. Jaribu kuzidisha LXVIII kwa XXIV kwa kupanga herufi kwenye karatasi. Hutafika mbali. Mfanyabiashara wa Kirumi naye hakujaribu: alikokotoa kwa abaki, ubao wenye vijiwe au shanga. Katika abaki ya mkononi, kila mfereji ulikuwa na shanga nne za moja moja upande wa chini na shanga moja ya tano upande wa juu. Namba ya VIII ni picha kamili ya shanga hizo: moja ya juu na tatu za chini. Herufi zilikuja mwishoni, kwa ajili ya kuandika jibu. Na jibu la swali letu ni MDCXXXII, yaani 1632.

VIII. Namba za Kirumi hazina sifuri. Mwaka 525, mtawa Dionysius Exiguus alipotengeneza majedwali ya kutafuta tarehe ya Pasaka, alipofika mahali ambapo hakubaki kitu aliandika neno la Kilatini, nulla, maana yake "hakuna", kwa sababu hapakuwa na alama ya kuweka.

IX. Dionysius huyohuyo ndiye aliyeanzisha kuhesabu miaka tangu kuzaliwa kwa Kristo. Kwa kuwa hesabu yake ilianza na moja, kalenda yetu haina mwaka 0: mwaka 1 kabla ya Kristo unafuatwa moja kwa moja na mwaka 1 baada ya Kristo. Ndiyo maana karne ya XXI haikuanza tarehe 1 Januari 2000. Ilianza tarehe 1 Januari 2001.

X. Tazama matokeo ya kidato cha nne nchini Tanzania. Madaraja ya ufaulu ni Divisheni I, II, III na IV, yote kwa namba za Kirumi. Anayeshindwa anapewa Divisheni 0. Hapo mfululizo wa Kirumi unakatika, maana Mrumi hakuwa na alama hiyo kabisa. Mstari mmoja wa matokeo umebeba mifumo miwili: safu nne kutoka Roma, na sifuri iliyotoka India kupitia kwa wanahisabati wa Kiarabu.

XI. Tarakimu zilizoziondoa namba za Kirumi kwenye hesabu ziliingia Ulaya kwa njia kadhaa, na mojawapo ilipita Afrika. Leonardo wa Pisa, anayejulikana zaidi kwa jina la Fibonacci, alijifunza tarakimu za Kihindi akiwa kijana katika bandari ya Bugia, leo Béjaïa nchini Algeria, ambako baba yake alishughulikia mambo ya forodha ya wafanyabiashara wa Pisa. Mwaka 1202 aliandika kitabu, Liber Abaci, kikionyesha namna ya kukokotoa bei, faida na kubadilisha fedha kwa tarakimu tisa na alama ya sifuri.

XII. Ulaya haikuzipokea tarakimu hizo kwa mikono miwili. Mwaka 1299 chama cha wabadilisha fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuzitumia kwenye vitabu vya hesabu. Hofu ilikuwa udanganyifu: kwa kuongeza mkia mmoja wa kalamu, 0 inageuka 6 au 9. Namba za Kirumi nazo zilihitaji kulindwa, kwa sababu ni rahisi kuongeza kijiti kimoja mwishoni. Waandishi wa Ulaya wakazoea kuivuta I ya mwisho kuwa j: iij ni tatu, na hakuna nafasi ya kuchomeka ya nne. Kazi ya j hiyo ndiyo inayofanywa na neno "tu" tunapoandika kwenye hundi "shilingi laki mbili tu". Linafunga mlango.

XIII. Angalia saa yenye namba za Kirumi. Mara nyingi nne yake imeandikwa IIII, si IV. Faida yake inaonekana ukiuzunguka uso wa saa: namba nne za kwanza zina I tu, nne za kati zina V, na nne za mwisho zina X. Pia jumla inapatikana I ishirini, V nne na X nne, hesabu inayogawanyika vizuri kwa fundi anayetengeneza herufi kwa kalibu. Lakini si saa zote zilizo hivyo: saa ya mnara wa Big Ben mjini London ina IV.

XIV. Hili linatuhusu moja kwa moja. Warumi walihesabu saa kama Waswahili wanavyohesabu: mchana ulikuwa na saa kumi na mbili tangu jua kuchomoza, na katikati ya mchana ilikuwa saa ya sita. Kwao, adhuhuri iliangukia kwenye VI, kama kwetu ilivyo saa sita. Ndiyo maana msomaji wa Biblia kwa Kiswahili anapokuta giza lililoanza saa sita hata saa tisa, siku ya kusulubiwa kwa Yesu, hahitaji kubadilisha chochote. Saa hizo ni zilezile anazozitumia sokoni.

Tofauti moja ilikuwepo. Roma iko mbali na ikweta, hivyo mchana wa kiangazi ni mrefu na wa majira ya baridi ni mfupi. Kwa kuwa kila mchana, mrefu au mfupi, uligawanywa mara kumi na mbili, saa ya Kirumi ilirefuka na kufupika kwa majira. Mombasa na Dar es Salaam ziko karibu na ikweta, jua huchomoza takriban wakati uleule mwaka mzima, na saa haziyumbi.

Ulaya ilihamia kuhesabu kuanzia usiku wa manane, na XII ikapanda juu ya uso wa saa. Ndiyo sababu leo mshale ukiwa kwenye XII tunasema saa sita, na ukiwa kwenye III tunasema saa tisa: tunasoma namba inayotazamana nayo. Mrumi wa kale angetuelewa bila mkalimani.

XV. Mwaka 1888, Abushiri bin Salim alipoongoza upinzani dhidi ya Wajerumani kuanzia Pangani, ndio wenye herufi nyingi kuliko mwaka wowote uliokwisha kupita: MDCCCLXXXVIII, herufi 13. Utashindwa tu mwaka 2888, wenye herufi 14. Mwaka vita vya Majimaji vilipoanza, 1905, unatosha kwa herufi nne: MCMV. Na 2000 ni mbili tu: MM.

XVI. Mwaka 1666 unatumia herufi zote saba, kila moja mara moja, kutoka kubwa hadi ndogo: MDCLXVI. Mwaka 1444 nao unazitumia zote saba mara moja moja, ila kwa mpangilio mwingine: MCDXLIV. Ondoa M kwenye 1666 na unabaki na DCLXVI, namba 666 inayotajwa katika kitabu cha Ufunuo. Mwandishi wa Ufunuo, hata hivyo, aliandika kwa Kigiriki, na Wagiriki walikuwa na herufi zao za kuhesabia.

XVII. Februari 1952, binti wa mfalme wa Uingereza, Elizabeth, alikuwa Kenya, akalala katika hoteli ya Treetops iliyojengwa juu ya mti huko Nyeri. Usiku huo baba yake, George VI, alifariki Sandringham, Uingereza. Aliyepanda mtini akiwa binti wa mfalme aliteremka akiwa Elizabeth II.

Zile I mbili zikazua ugomvi mkubwa Uskoti. Elizabeth I wa karne ya XVI alitawala Uingereza, lakini hakuwahi kuitawala Uskoti, iliyokuwa wakati huo na mfalme wake. Waskoti wengi waliuliza: wa pili vipi, ilhali wa kwanza hatukuwa naye? Sanduku la barua lenye alama EIIR lilipowekwa mtaa wa Inch, Edinburgh, mwishoni mwa 1952, lilishambuliwa mara kadhaa, kisha tarehe 12 Februari 1953 likalipuliwa. Lililowekwa badala yake halikuwa na namba hiyo, na masanduku ya Uskoti yaliyofuata yakapewa taji la Uskoti peke yake.

XVIII. Babu zetu walizishika namba hizi mikononi. Rupia ya Afrika Mashariki ya Wajerumani ilikuwa na sura ya Kaisari na maneno GUILELMUS II IMPERATOR, yaani Mtawala Wilhelm wa Pili. Waingereza walipoleta shilingi ya Afrika Mashariki, mzunguko wake uliandikwa GEORGIVS V REX, Mfalme George wa Tano. Ukiipata sarafu hiyo, itazame vizuri. V ya kwanza, ndani ya jina, inasomwa u. V ya pili inasomwa tano. Alama ni ileile, kazi mbili.

XIX. Rwanda na Burundi zilikuwa na utaratibu wao wa majina ya wafalme: majina machache yalizunguka kwa zamu, kizazi baada ya kizazi. Burundi kulikuwa na Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa. Jina linaporudi, lazima ujue ni yupi, na hapo waandishi wa historia wakatumia namba za Kirumi: Mwambutsa IV na Ntare V wa Burundi, Mutara III Rudahigwa na Kigeli V Ndahindurwa wa Rwanda. Buganda nako kuna Mutesa I, aliyewapokea wageni wa kwanza kutoka Ulaya, na Mutesa II, aliyekuwa Rais wa kwanza wa Uganda mwaka 1963. Ukiiacha I moja, umekosea karne nzima.

XX. Kanisa Katoliki halijawahi kuwa na Papa Yohane XX. Katika Karne za Kati hesabu ya mapapa wenye jina hilo iliparaganyika, na orodha ikaruka kutoka Yohane XIX hadi Yohane XXI. Yohane XXIII naye alikuwa na mtangulizi wa namba hiyohiyo, mtu aliyedai upapa mwanzoni mwa karne ya XV bila Kanisa kumtambua. Papa Yohane XXIII wa kweli, aliyechaguliwa mwaka 1958, ndiye aliyemteua Laurean Rugambwa wa Tanganyika kuwa kardinali mwaka 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza kupata cheo hicho katika zama zetu. Papa Fransisko hakuwa na namba, kwa sababu I haihitajiki mpaka atokee wa pili. Leo XIV, aliyechaguliwa Mei 2025, anamfuata Leo XIII aliyefariki mwaka 1903.

XXI. Michezo ya Olimpiki huhesabiwa kwa namba za Kirumi, na hata ile iliyofutwa kwa sababu ya vita inahesabiwa: ya VI (1916), ya XII (1940) na ya XIII (1944). Tanganyika ilianza kushiriki kwenye ya XVIII, Tokyo 1964. Miaka minne kabla, ya XVII ilifanyika Roma, na Abebe Bikila wa Ethiopia akashinda marathoni bila viatu, akimaliza usiku penye Tao la Konstantino. Tao hilo la karne ya IV lina maandishi yanayotaja X na XX, maombi ya miaka kumi ya utawala na ya miaka ishirini. Mwafrika alikata utepe wa ushindi chini ya mawe yenye namba za Kirumi.

XXII. Hospitalini namba hizi zinagusa uhai. Vitu vinavyogandisha damu vimepewa namba kutoka I hadi XIII, lakini cha VI hakipo: kilichodhaniwa kuwa kitu cha VI kilibainika kuwa ni cha V kikiwa kazini, na namba ikaachwa tupu. Anayepungukiwa na cha VIII ana hemofilia A. Anayepungukiwa na cha IX ana hemofilia B, na dawa ya mmoja si dawa ya mwenzake.

XXIII. Filamu ya Marekani The Last Time I Saw Paris ilitoka mwaka 1954, ambao ni MCMLIV. Kwenye tangazo la hakimiliki ikaandikwa MCMXLIV, yaani 1944. X moja iliyozidi ilirudisha mwaka nyuma kwa miaka kumi, muda wa ulinzi wa sheria ukahesabiwa kuanzia hapo, na filamu ikawa mali ya umma mwaka 1972.

XXIV. Fungua kitabu kizuri cha Kiswahili na utazame dibaji na shukrani: kurasa zake mara nyingi ni i, ii, iii, iv. Sababu ni ya kikazi. Sehemu hizo huandikwa mwishoni, na zikiwa na namba zake zenyewe, mwandishi anaweza kuongeza kurasa bila kuvuruga namba za sura.

XXV. Fainali ya mpira wa Kimarekani, Super Bowl, hutumia namba za Kirumi, lakini ya hamsini, mwaka 2016, iliandikwa 50. Waandaaji waliona herufi L ikisimama peke yake haipendezi. Mwaka uliofuata wakarudi: LI.

Sasa ni zamu yako. Hapa kuna miaka mitano ya historia yetu. Isome bila msaada, kwa kuivunja kama tulivyofanya kwenye hoja ya II, kisha mpe mtoto wa shule aliye karibu nawe naye ajaribu.

Kongo kupata uhuru: MCMLX. Tanganyika kupata uhuru: MCMLXI. Uganda, Rwanda na Burundi kupata uhuru: MCMLXII. Kenya kupata uhuru: MCMLXIII. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar: MCMLXIV.

Majibu: 1960, 1961, 1962, 1963, 1964.